Kumtoa Nyota na Kupokea Chipukizi

Katika kisiwa cha Mfangano, makao ya Wasuba ndani ya Ziwa Viktoria, upande wa Kaunti ya Homa Bay, ambako msafiri hutoka Mbita kwa mashua ya mashine akaipita Rusinga na Takawiri kabla ya kushukia Sena, habari za mpira wa kikapu wa Marekani huwafikia vijana alfajiri, maana usiku wa huko ndio mapambazuko yetu, na mwanga wa simu huwakuta ufuoni wakingoja taa za wavuvi wa omena zirudi nchi kavu. Miongoni mwa masuala wanayojadiliana kwa ghera kubwa limo moja ambalo si la vijana peke yao, wala si la mpira wa kikapu peke yake, nalo ni hili: timu yenye mchezaji nyota, ambaye jina lake ndilo linaloujaza uwanja na ambaye wapinzani humwogopa kabla ya filimbi kulia, je, ni busara imtoe kwa timu nyingine ili ipokee badala yake chipukizi wawili watatu ambao hawajathibitisha kitu bado ila kwamba umri wao ni mdogo?

Wapo wajibuo kwa haraka kwamba ni wazimu kutoa kilicho mkononi kwa ajili ya kilicho ghaibu, na wapo wajibuo kwa haraka vile vile kwamba kila mchezaji huzeeka, basi na atolewe angali ana thamani. Majibu haya mawili, ijapokuwa yanapingana, yana upungufu mmoja: yote humtazama yule anayetoka, wala hakuna hata moja linalouliza wale wanaoingia watalelewa na nani, kwa muda gani, na watapewa kazi ipi siku watakapofika. Imani yangu ni kwamba hukumu ya mabadilishano yote imo katika swali hilo lisiloulizwa, na ithibati yake nitaitafuta kwanza katika timu moja ya Marekani ambayo mtoto wa Afrika Mashariki aliingia katika hesabu zake, akatoka.

Lakini kabla ya hapo yafaa msomaji ajue jinsi biashara hiyo inavyokwenda, kwa sababu haifanani na uhamisho wa kandanda tuliouzoea. Katika ligi ya NBA timu aghalabu hainunui mchezaji kwa fedha taslimu. Hutoa mchezaji ikapokea mchezaji, na kwa kuwa ligi imeweka kikomo cha mishahara, malipo ya wale wa upande huu na wale wa upande ule sharti yakaribiane, hata ikawa katika mabadilishano mengi wamo watu ambao hakuna aliyewataka kwa uchezaji wao, bali mikataba yao imetiwa ili mizani isawazike. Pamoja na wachezaji hutolewa haki za drafti, yaani zamu za kuchagua vijana wapya wanaoingia ligini kila mwaka, na zamu za mwanzo kabisa hupatikana kwa bahati nasibu iliyoelemea upande wa timu dhaifu, ili aliyeshindwa sana mwaka huu apate pa kuinukia. Kijana aliyechaguliwa katika duru ya kwanza hulipwa kwa kipimo kilichowekwa mpaka miaka 4, na kipimo hicho ki chini sana kuliko ujira wa nyota, jambo ambalo huifanya timu yenye vijana hodari ibakiwe na nafasi ya kuajiri wakubwa wa kuwasaidia. Mchezaji mwenyewe aghalabu haulizwi. Februari 2025 Luka Dončić, ambaye wengi walidhani ataishi na kuzeeka Dallas, alipelekwa Los Angeles Lakers pasipo kushauriwa, na mashabiki wa mji alioutoka wakaandamana.

Sasa tuje Memphis. Timu ya mji huo, Grizzlies, ilikuwa na nyota Mhispania, Pau Gasol, aliyetangazwa chipukizi bora wa ligi katika msimu wake wa kwanza, 2001–02, na ambaye aliipandisha timu mpaka michezo ya mtoano kwa miaka 3 mfululizo, 2004, 2005 na 2006. Na katika miaka yote hiyo ikashindwa 4 kwa 0, maana yake michezo 12 bila ushindi hata mmoja. Hapo ndipo palipokuwa na fumbo lenyewe. Mtu huyu alikuwa hodari wa kuwatosha wenziwe wasiwe wa mwisho, lakini hakuwa na msaada wa kuwatosha wawe wa kwanza, na timu iliyo katikati namna hiyo haipati kombe wala haipati zamu njema ya drafti. Tarehe 1 Februari 2008 Memphis ilimtoa Gasol kwa Lakers, ikapokea Kwame Brown, Javaris Crittenton, Aaron McKie, haki 2 za duru ya kwanza, na haki ya kummiliki kijana ambaye wakati huo alikuwa akicheza Girona, nchini Uhispania, baada ya kuchaguliwa wa 48 mwaka uliotangulia. Kijana huyo alikuwa Marc Gasol, ndugu mdogo wa yule aliyetolewa.

Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa. Gregg Popovich, kocha wa San Antonio, alilalamika hadharani kwamba tendo hilo halielezeki, na Lakers walipofika fainali mwaka ule ule, kisha wakatwaa ubingwa 2009 na 2010, ilionekana kana kwamba Memphis imetoa dhahabu ikapokea mchanga. Hukumu hiyo ilitolewa mapema mno. Marc hakuwa mgeni katika mji ule, kwa kuwa jamaa yake walihamia Memphis wakati kaka yake alipoanza kuchezea huko, naye akasoma sekondari mumo humo. Alipowasili kama mchezaji alipewa nafasi ya katikati tangu msimu wake wa kwanza, akaachiwa akosee, akosee tena, ajifunze, mpaka mwaka 2013 akatangazwa mlinzi bora wa ligi nzima na timu yake ikafika fainali ya kanda ya Magharibi kwa mara ya kwanza. Alikaa hapo hata Februari 2019. Kati ya vyote vilivyopokelewa siku ile ya mwaka 2008, aliyebeba faida ni mmoja, naye ni yule ambaye timu ilimfahamu, ikamwandalia mahali, ikamngoja.

Ndani ya nyumba hiyo hiyo, mwaka mmoja baada ya Marc kuanza, aliingia Hasheem Thabeet. Huyu ni mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha sentimita 221, aliyeanza kuushika mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka kama 15, umri ambao wenzake wa Marekani huwa wamekwisha cheza nusu ya maisha yao. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut alijifunza kuzuia mitupo hata akahesabiwa miongoni mwa walinzi bora wa vyuo vyote, na mwaka 2009 Memphis ikamchagua wa 2 katika drafti nzima, wa kwanza kutoka Tanzania kufika huko. Baada yake walichaguliwa James Harden, wa 3, na Stephen Curry, wa 7, na kwa sababu hiyo jina la Hasheem limefanywa kuwa mfano wa kosa kila mahali panapozungumzwa drafti.

Mimi siwezi kulipita jambo hili haraka, kwa kuwa nadhani insafu haijatendeka. Kijana ambaye silaha yake ilikuwa kimo na mikono, ambaye bado alihitaji kufundishwa kusimama, kugeuka na kupokea mpira katikati ya miili mizito, aliingizwa katika timu ambayo nafasi yake ilikuwa imekwisha kaliwa na Marc Gasol, na pembeni yake Zach Randolph. Akapewa dakika kama 13 kwa mchezo, na ilipofika Februari 2010, kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha, akapelekwa kwa muda Dakota Wizards katika ligi ndogo, akiwa mchezaji aliyechaguliwa juu kuliko wote waliowahi kushushwa huko hata wakati ule. Haya hayamwondolei sehemu yake ya lawama, kwa maana hata Houston, Portland na Oklahoma City, alikopita baadaye, hakusimama imara, na wastani wa maisha yake yote ya NBA ni pointi zipatazo 2 kwa mchezo. Walakini neno chipukizi lina maana ya mmea, na aliyeupokea ndiye anayejua aliupanda wapi.

Februari 2011 Memphis ilimtoa Hasheem, pamoja na DeMarre Carroll na haki moja ya drafti, kwa Houston, ikampokea Shane Battier, mtu wa miaka 32 ambaye aliwahi kuichezea timu hiyo zamani, pamoja na kijana Ish Smith. Yaani timu iliyokuwa imetoa nyota ikapokea wachanga, sasa ilitoa mchanga ikampokea mkubwa. Na tarehe 17 Aprili mwaka huo, katika mchezo wa kwanza wa mtoano dhidi ya San Antonio, timu ya Popovich iliyomaliza ya kwanza katika kanda huku Memphis ikiwa ya 8, zikiwa zimesalia sekunde chache, Battier ndiye aliyetupa mpira wa pointi 3 uliowaweka Memphis mbele. Walishinda 101 kwa 98. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya Grizzlies, na mfululizo mzima ukawa wao, 4 kwa 2.

Kwa hiyo anayesema kwamba vijana ni bora kuliko wazee, au wazee ni bora kuliko vijana, hajaisoma hadithi ya Memphis mpaka mwisho. Watu wa Mfangano wanaifahamu kanuni ya ziwa inayokataza sangara wa chini ya sentimita 50 asivuliwe, na vile vile aliyezidi sentimita 85, kwa kuwa mdogo hajakua na mkubwa ndiye mzazi. Na timu iliyojaa watoto watupu, pasipo mtu mzima wa kuwaonyesha namna ya kushinda, huzoea kushindwa mpaka kushindwa kukawa tabia.

Upande wa pili wa biashara hiyo aliusimamia mwana mwingine wa eneo letu. Luol Deng alizaliwa Wau, Sudan Kusini ya leo, akakimbizwa na vita mpaka Misri, akakulia London, kisha akawa mhimili wa Chicago Bulls kwa karibu miaka 10, akichaguliwa katika mchezo wa nyota wa ligi 2012 na 2013. Januari 2014, mkataba wake ulipokuwa ukingoni na mwenzake Derrick Rose akiwa majeruhi, Chicago ilimpeleka Cleveland. Ilipokea nini? Ilimpokea Andrew Bynum, ambaye ilimwachilia siku ile ile ili iepukane na mshahara wake, na haki za drafti, mojawapo ikiwa haki ya duru ya kwanza iliyotoka Sacramento lakini imefungwa kwa masharti: isitolewe endapo Sacramento itaangukia katika zamu za mwanzo. Sacramento ikawa dhaifu mwaka baada ya mwaka, haki ile isitolewe, mpaka mwaka 2017 ikageuka kuwa zamu ya 38, ya duru ya pili. Chicago ikamchagua Jordan Bell, na usiku ule ule ikamwuza Golden State kwa dola milioni 3.5. Hayo ndiyo yaliyokuwa matunda ya nyota. Na kule Cleveland, Deng alicheza nusu msimu tu, mkataba ukaisha, akaenda zake Miami. Pande zote mbili zilitoka mikono mitupu, na sababu ni kwamba Chicago ilikuwa inakimbia gharama zaidi kuliko inavyojenga timu. Deng mwenyewe, baada ya kuacha kucheza, alishika urais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini mwaka 2019, akakusanya vijana waliotawanyika Australia, Marekani na Afrika, akatumia na mali yake, na mwaka 2024 nchi hiyo ikacheza Olimpiki ya Paris na kuishinda Puerto Rico 90 kwa 79. Mtu ambaye thamani yake iliyeyuka katika daftari la Chicago aliyajua malezi kuliko waliomtoa.

Watetezi wa chipukizi watanikumbusha Oklahoma City, nao wana haki, kwa maana hakuna mfano mkubwa zaidi: Julai 2019 ilimtoa Paul George, ikampokea Shai Gilgeous-Alexander akikaribia miaka 21, Danilo Gallinari, na haki 5 za duru ya kwanza, mojawapo ikimleta Jalen Williams mwaka 2022, na Juni 2025 ikatwaa ubingwa kwa kuishinda Indiana katika mchezo wa 7. Lakini kati ya siku hizo mbili upo msimu wa 2020–21 wa ushindi 22 na kushindwa 50, na msimu uliofuata wa ushindi 24 na kushindwa 58, na katika muda huo wote kocha Mark Daigneault hakufukuzwa. Nani miongoni mwetu angevumilia? Mashabiki wa kwetu hudai kocha aondoke kwa sare 3.

Tukirudi nyumbani, mabadilishano ya namna hiyo katika mpira wa kikapu wa Kenya ni muhali, wala si kwa ukosefu wa akili. Ulinzi Warriors ni timu ya jeshi, KPA ni ya mamlaka ya bandari huko Mombasa, Equity ni ya benki. Mchezaji mara nyingi ni mwajiriwa kabla hajawa mchezaji, na askari habadilishwi kwa karani wa benki. Wala hatuna drafti ya kumfidia aliye dhaifu. Nairobi City Thunder, iliyofuzu kucheza ligi ya Afrika ya BAL mwaka 2025, ya kwanza kutoka Kenya, iliwakusanya wachezaji waliokwisha iva, akiwemo Tylor Okari Ongwae, ambaye mtupo wake wa mwisho uliishinda Angola 74 kwa 73 huko Yaoundé Februari 2021 na kuirudisha Kenya katika AfroBasket baada ya miaka 28. Kwa hiyo anayetaka kuona suala letu likijibiwa kwa vitendo hapa nchini sharti aende katika kandanda, na kwa watu wa pande za ziwa kandanda ni Gor Mahia.

Mwaka 2015 Gor Mahia ilitwaa ligi bila kushindwa mchezo hata mmoja, na Michael Olunga, kijana mwenye umri wa miaka 21 aliyepitia Tusker na Thika United, akafunga mabao 19. Mwanzoni mwa 2016 alikwenda Djurgården ya Uswidi. Pengo lilionekana: mwaka huo ubingwa ulikwenda Tusker, Gor ikawa ya pili. Kisha ikatwaa mataji 4 mfululizo, kutoka 2017 hata 2019–20, na mabao ya mwanzo wa enzi hiyo yalitoka kwa Meddie Kagere na Jacques Tuyisenge wa Rwanda, watu wazima waliojua kazi yao, ambao nao wakaondoka, Kagere kwenda Simba 2018 na Tuyisenge kwenda Petro de Luanda 2019. Olunga naye akaendelea: mabao 8 katika mchezo mmoja nchini Japani, Novemba 2019, na mwaka uliofuata mabao 28 na tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya nchi hiyo, akiwa na Kashiwa Reysol. Lililo jema hapa ni kwamba hakuzuiwa, kwa maana kumzuia kijana wa namna hiyo Nairobi kungekuwa dhuluma. Lililonisikitisha ni kwamba nafasi yake ilizibwa kwa kununua, haikuzibwa kwa kulea. Na timu inayoziba kwa kununua sharti iwe na fedha kila mwaka. Jirani zetu wa Awendo, Kaunti ya Migori, wanalijua hilo kwa uchungu. SoNy Sugar, bingwa wa Kenya mwaka 2006, timu ya kiwanda cha sukari, iliondolewa katika ligi kuu mwaka 2019 baada ya kushindwa kufika uwanjani mara 3 kwa ajili ya ukata.

Na Mfangano je? Kisiwa hiki hutoa nyota kila mwaka pasipo kupokea chipukizi wala shilingi. Kijana akishang'ara katika mashindano ya fuo, ya Sena, Wakula au Ugina, shule ya bara humwita kwa ahadi ya karo, na mzazi anayeishi kwa bei ya omena hana sababu ya kukataa, wala mimi simlaumu. Lakini katika kandanda ipo haki ambayo wachache huidai. Kanuni za FIFA zinaamuru kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya malipo igawanywe kwa timu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hata 23: asilimia 0.25 ya malipo yote kwa kila msimu wa miaka 12 mpaka 15, na asilimia 0.5 kwa kila msimu wa baada ya hapo. Timu iliyokaa na mtoto misimu 4 ya mwanzo, akaja kuuzwa kwa euro milioni 1, ina euro 10,000 zake, na tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya FIFA, hayategemei tena ukarimu wa tajiri aliyenunua.

Sharti ni moja, nalo ndilo linalotushinda: timu iwe imesajiliwa katika shirikisho, na mtoto awe ameandikishwa humo kwa jina lake sahihi na tarehe yake ya kuzaliwa, msimu kwa msimu. Timu nyingi za fuo zina jezi na kocha wa kujitolea, lakini hazina daftari. Serikali ya kaunti huko Homa Bay, inayotoa makombe na mipira kila yanapokuja mashindano, ingefanya hisani kubwa zaidi kama ingempeleka karani mmoja kisiwani, akae Sena kwa majuma kadhaa, aziandikishe timu hizo na watoto wao wote, na kuwaachia walimu wa michezo nakala. Kazi hiyo gharama yake haifiki bei ya kombe la fedha na jukwaa la kulitolea.